Atomu Hazitulii: Jinsi kompyuta inavyofichua kile ambacho picha ya eksrei huficha

Hebu piga picha hii akilini. Ni saa moja asubuhi, Barabara ya Jogoo, matatu imejaa hadi mlangoni. Konda ananing'inia nje, mkono mmoja umeshika chuma cha mlango, mwingine unaita abiria. Sasa toa simu ukiwa umeketi ndani, uiambie kamera iache jicho lake wazi kwa dakika nzima. Picha itakayotoka haitakuwa na konda. Itakuwa na wingu lenye umbo la konda.

Lichunguze hilo wingu. Halijasambaa sawa pande zote. Kwa ndani konda hawezi kwenda mbali kwa sababu kuna magoti na mabegi ya watu. Kwa nje hakuna kinachomzuia ila mkono wake na dua za mamake. Kwa hivyo wingu limevutika kuelekea nje. Ukiuliza konda yuko wapi kwa wastani, jibu litakuwa mahali fulani hewani, hatua moja kutoka mlangoni, mahali ambapo pengine hakukaa hata sekunde mbili mfululizo.

Shida hiyo hiyo imewasumbua wanaopiga picha za atomu kwa zaidi ya miaka 100.

Kabla hujafunga ukurasa, wacha niseme ukweli: mimi si mwanasayansi. Nilisoma fizikia kwa mwaka mmoja na nusu katika chuo fulani, karo ikakwama, nikaandika barua ya kuahirisha masomo na nikarudi mtaani. Sasa naandika blogu, nafanya vibarua vya mtandaoni, na usiku bando zikiwa bei nafuu nasoma yale niliyoyaacha. Mamangu ana swali moja ambalo huniuliza kila mwisho wa mwezi: "Baba, umeacha kabisa, ama umeyumba tu?"

Sikuwa na jibu. Halafu nikakutana na swali lilo hilo kwenye fizikia, likiulizwa na watu wazima wenye mashine za mamilioni ya dola, na likiulizwa kuhusu atomu.

Picha bila lensi

Tuanze na jinsi picha yenyewe inavyopigwa. Fuwele ni kitu chochote ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, kama madawati kwenye chumba cha mtihani. Chumvi ya mezani ni fuwele. Sukari, almasi, hata chuma cha msumari ni fuwele ndogo ndogo zilizoshikamana.

Mwaka wa 1912 mjini Munich, Max von Laue alipata wazo la kupitisha eksrei kwenye fuwele. Walter Friedrich na Paul Knipping wakalijaribu kwa fuwele ya salfeti ya shaba. Upande wa pili, kwenye bamba la picha, yakatokea madoa. Mawimbi ya eksrei yakigonga safu za atomu hutawanyika. Kwenye pembe fulani yanajumlishana na kutoa doa kali, kwingine yanafutana. Hiyo ndiyo difraksheni. Muda mfupi baadaye William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence wakaonyesha jinsi ya kusoma madoa hayo na kujua kila atomu inakaa wapi. Mwaka wa 1915 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja. Kijana alikuwa na umri wa miaka 25. Nikikumbuka nilichokuwa nafanya nikiwa na 22, naona aibu kidogo.

Inasimuliwa kwamba kabla ya jaribio la Munich, wapo wakubwa wa fizikia walioona ni kupoteza wakati. Hoja yao ilikuwa ya maana: joto hutikisa atomu. Ndani ya kijiko cha chumvi kilicho hapo jikoni kwenu, kila atomu inatikisika mara trilioni kadhaa kwa sekunde, na hupotoka kutoka mahali pake kwa karibu asilimia 5 ya umbali kati yake na jirani wake. Madawati yanayocheza hivyo yatatoa mpangilio gani?

Kumbe mtikisiko hauyafuti madoa. Hauyapanui pia. Unachofanya ni kuyafifisha, na yale yaliyo kwenye pembe kubwa, mbali na katikati, ndiyo hufifia zaidi. Peter Debye alipiga hesabu hiyo mwaka wa 1913, naye Ivar Waller akairekebisha mwaka wa 1923. Hadi leo kipimo hicho kinaitwa kwa majina yao. Nguvu iliyopotea kwenye madoa haitoweki; hutandazwa kati yake kama ukungu hafifu. Usisahau huo ukungu, tutaurudia.

Bano ndani ya karai

Sasa, ili kupiga hesabu ya mtikisiko, lazima ukisie atomu inatikisika vipi. Dhana rahisi ni hii: atomu imeshikwa na majirani kwa springi. Ivute mara mbili zaidi, nayo itavutwa kurudi kwa nguvu mara mbili. Ni kama bano ndani ya karai lililokunjwa vizuri: ukilisukuma kushoto au kulia, linarudi kwa namna ile ile. Mtetemo wa namna hiyo unaitwa hamoniki.

Uzuri wake ni kwamba hesabu zake ni tamu. Wingu la kila atomu linakuwa yai, na yai lolote, liwe limelala ama limesimama, linaelezwa kwa namba 6 pekee. Mwaka wa 1965 Carroll Johnson wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, aliandika programu ya kuchora mayai hayo, nayo ikaenea duniani. Ukifungua makala ya kemia ukaona molekuli iliyochorwa kama vikapu vya mayai yaliyounganishwa na vijiti, hiyo ndiyo asili yake.

Lakini konda wetu si yai. Atomu nyingi pia si yai. Majirani wawili wakikaribiana mno wanasukumana vikali. Wakiachana, mvuto unalegea polepole. Upande mmoja wa karai ni ukuta, upande mwingine ni mteremko. Mtetemo wa aina hii unaitwa anhamoniki.

Usidhani ni jambo la maabara tu. Umewahi kulala nyumba ya mabati saa saba mchana ukayasikia yakilia ta! ta! juu yako? Yanatanuka. Kama mitetemo yote ingekuwa hamoniki tupu, atomu zingetikisika zaidi kwa joto lakini wastani wa umbali kati yake usingebadilika, na mabati yasingetanuka hata unywele mmoja. Ni kwa sababu karai limeinama upande mmoja ndiyo wastani husogea nje joto likipanda.

Kuna hata vitu vinavyofanya kinyume. Tungsteti ya zirkonia hunywea ikipashwa joto, kuanzia karibu na sifuri kabisa hadi zaidi ya nyuzi 1,000 za Kelvin; ripoti iliyoonyesha upana huo ilichapishwa mwaka wa 1996. Floraidi ya skandiamu nayo hufanya hivyo hivyo. Mwaka wa 2011 watafiti walipoipigia hesabu wakakuta kwamba mtikisiko wa kando wa atomu za florini hauko kwenye karai la kawaida kabisa, uko kwenye kitu kama sufuria: kitako bapa, halafu kuta zinazopanda ghafla.

Ukitaka kulieleza wingu lisilo yai, namba 6 hazitoshi. Wataalamu wa fuwele huongeza namba 10 za kueleza limeinama upande gani, kisha namba 15 za kueleza lina kitako bapa ama ncha kali. Pamoja na namba 3 za mahali ilipo, atomu moja inaweza kubeba namba 34. Na ukiwa na namba nyingi hivyo bila data ya kutosha, utapata jibu lolote unalotaka. Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapoingia.

Kesi ya atomu zilizoshukiwa kuhama

Kuna kitu kinaitwa telaraidi ya risasi. Risasi ni ile ya betri za magari. Ukiiunganisha na teluriumu unapata fuwele iliyopangwa sawasawa na chumvi ya mezani. Kazi yake ni kugeuza joto kuwa stima. Magari ya NASA yaliyoko Mirihi, Curiosity iliyotua mwaka wa 2012 na Perseverance iliyotua 2021, yanabeba plutoniamu inayotoa joto, na ndani ya mtambo wao wa stima mna hii telaraidi.

Kitu kama hicho hufanya kazi vizuri kikipitisha joto vibaya, ili upande mmoja ubaki moto na mwingine baridi. Na kinachozuia joto kupita ni mitetemo kugongana na kuvurugana. Mitetemo ya hamoniki hupitana kama mizimu. Ile ya anhamoniki husukumana kama abiria wa Githurai saa kumi na mbili jioni.

Mwaka wa 2010 kundi moja lilichapisha matokeo katika jarida la Science. Walikuwa wamepima telaraidi ya risasi kwa nyutroni, wakaangalia umbali kati ya atomu jirani. Kwenye baridi kali kila kitu kilikuwa shwari. Walipoipasha joto, vilele vya mchoro vikaanza kuinama upande. Wakapendekeza kwamba atomu, hasa za risasi, zilikuwa zikihama kutoka katikati ya makao yao. Hilo lilishangaza, kwani kwa kawaida joto hurudisha vitu kwenye ulinganifu, haliviondoi.

Wengine wakauliza: je, zimehama kweli, ama zimeyumba tu?

Unaona kwa nini niliruka kitandani. Swali la Mama, neno kwa neno.

Picha ya wastani peke yake haikuweza kuamua. Mwaka wa 2011 vipimo vingine vya nyutroni, vinavyosoma mwendo wenyewe wa mitetemo, vilionyesha anhamoniki ya kupindukia ndani ya telaraidi hiyo. Makundi kadhaa yakaiga fuwele yenyewe kwenye kompyuta: unaweka atomu kwenye mpangilio wake, unapiga hesabu ya nguvu inayosukuma kila moja, unazisogeza kidogo, unarudia. Uigaji huo ulionyesha atomu za risasi zikibembea kwa upana usio wa kawaida, huku katikati pakibaki kuwa makao yake. Vilele viliinama kwa sababu ya namna ya kubembea; hazikuhitaji makao mapya pembeni. Mjadala haukufa siku hiyo. Kazi za baadaye zilihamia swali jingine: atomu jirani zinabembea pamoja vipi?

Karai tatu usiku wa manane

Mimi sina kompyuta ya kuiga telaraidi. Hebu hesabu: sanduku dogo la atomu 216, kila hatua ni femtosekunde moja, na ukitaka kutazama pikosekunde 20 tu unahitaji hatua 20,000, kila hatua ikiwa na hesabu nzito ya elektroni. Kipakatalishi changu cha mtumba, ambacho hulia kama mkorogo wa simiti nikifungua vichupo vitatu, kingeungua.

Lakini bano moja ndani ya karai moja? Hilo naliweza. Python ni ya bure. Mbinu niliyotumia ilichapishwa mwaka wa 1953 na inajulikana kwa jina la Metropolis, ingawa aliyeandika programu yake ya kwanza ni mwanamke, Arianna Rosenbluth. Unalisogeza bano bila mpangilio. Kama limeshuka, kubali. Kama limepanda, lirushie kete: likiwa na joto la kutosha, kubali, la sivyo, lirudishe. Rudia mara milioni moja, ukihesabu limekaa wapi mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo wingu.

Nilitengeneza makarai matatu. La kwanza la kawaida, hamoniki. La pili sufuria lenye kitako bapa. La tatu lina nundu katikati kama kitako cha chupa, kwa hivyo bano lina makao mawili, kushoto na kulia, na katikati si kwake. Hili la tatu ndilo atomu iliyohama kweli.

Nikayapima ili upana wa wingu uwe sawa kwa yote matatu, kisha nikapiga hesabu ya jinsi madoa yangefifia. Kwenye pembe ndogo, ambako madoa yanang'aa, michoro mitatu ililaliana kabisa. Ungeapa ni karai moja. Tofauti ilianza mbali, kwenye pembe kubwa, ambako doa lenyewe limefifia kiasi cha kukaribia kupotea. Huko mchoro wa karai lenye nundu ulipita sifuri ukaingia hasi, jambo ambalo karai la kwanza haliwezi kamwe. Ina maana kwamba siri yote ya atomu imefichwa kwenye yale madoa ambayo mtu mvivu hayapimi.

Halafu nikajaribu kupoza. Nilipunguza joto hadi robo. Kwenye karai la kwanza, kipeo cha pili cha upana wa wingu kilishuka hadi robo pia. Kwenye sufuria kilishuka hadi nusu tu. Kwenye lile lenye nundu hakikushuka sana, kwani makao mawili yako pale pale hata kukiwa baridi. Nilipozidi kupoza, bano likanaswa upande mmoja, halikuvuka tena. Nilidhani programu imeharibika, nikapoteza saa mbili nikitafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Lilikosa joto la kupanda nundu, basi. Ilibidi nianzishe mabano mengi, mengine kushoto, mengine kulia.

Somo ni hili: picha moja kwenye joto moja haiwezi kukuambia kama atomu imehama ama inayumba. Pima kwenye joto tofauti tofauti, uangalie ni nini kinabaki ukipoza.

Wastani kwanza, ama wastani mwisho?

Kuna kosa jingine nilifanya ambalo lilinifunza kuliko darasa. Nilipoiga safu ya atomu kadhaa, nilitafuta kwanza wastani wa mawimbi yao yote, kisha nikapiga kipeo cha pili ili nipate mwangaza. Madoa yakatoka safi, ukungu haukuwepo. Nikarudia kinyume: kila hatua nijumlishe mawimbi, nipige kipeo cha pili, halafu ndiyo nitafute wastani. Ukungu ukatokea kati ya madoa.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo habari ya nani anayumba na nani. Madoa hukuambia kila atomu peke yake inapendelea kukaa wapi. Ukungu hukuambia kama jirani akienda kushoto mwenzake naye humfuata, ama hukimbilia kulia. Kwa miaka mingi wengi waliutupa ukungu huo kama uchafu wa picha. Leo uigaji hutumika kuusoma, kwa sababu kompyuta inamjua kila mmoja na jirani yake kwa kila hatua.

Matokeo yetu ya shule pia ni wastani. Gredi yangu ya muhula wa mwisho chuoni ilikuwa ya kawaida tu. Haikusema kwamba nilipata alama za juu kabisa za mitetemo na mawimbi, wala haikusema kwamba mitihani mingine sikuifanya kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa.

Hatuna mashine, lakini

Vipimo vya kiwango cha juu hufanywa kwenye sinkrotoni, mitambo mikubwa kama uwanja wa mpira inayotoa eksrei kali ajabu. Afrika nzima haina hata mmoja. Kuna juhudi za kuleta wa kwanza, na kwa sasa watafiti wetu husafiri ng'ambo kuomba saa chache za mwangaza.

Uigaji ni habari nyingine. Quantum ESPRESSO, programu inayopiga hesabu za elektroni na nguvu kati ya atomu, ni ya bure. Kuna shule ya Afrika ya kufundisha mbinu hizi, ASESMA, na mwaka wa 2012 ilifanyika hapa kwetu, Eldoret. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema mambo haya ni ya wazungu, mwambie apande basi la Eldoret.

Wewe ambaye uko chuoni sasa hivi, unayeona difraksheni kama kitu cha kukariri hadi mtihani uishe: andika bano lako. Ni mistari isiyozidi 30. Ukiona wingu likijichora mbele yako, hutalisahau.

Na kuhusu Mama. Barua yangu ya kuahirisha masomo inaisha muda Septemba. Fomu ya kurudi ninayo kwenye droo, chini ya chaja. Sijaijaza kwa sababu karo bado haijatimia. Juzi aliniuliza tena, akiwa anachambua sukuma jikoni. Nilimwambia kwamba mtu akipimwa wakati wa msoto, joto likiwa juu, hawezi kujulikana kama amehama ama anayumba.

Akanitazama kwa muda. "Sasa wewe," akasema, "ukipoa utaniambia?"

Nikamwambia nitamwambia. Usiku huo nikaifungua droo, nikajaza jina na namba ya usajili. Sehemu ya karo nimeiacha wazi.